Rejeta mpya, njia mpya: namna ya kupitisha mipira ya maji ya injini kwa gari la Dodoma

Rejeta ya kununua dukani ikishakaa kwenye nafasi yake na boliti zikakazwa, mwenye gari huwa ameshaanza kuulizia funguo. Anaona kilichobaki ni mipira miwili, klampu nne, maji, basi. Mafundi wengi nao humfuata katika haraka hiyo. Baada ya muda gari linachemsha kwenye mpando wa kutoka Bahi kwenda Manyoni, na lawama zote zinaiangukia rejeta: "Si ya Kichina hiyo!" Mara nyingi rejeta haina kosa lolote. Kilichokosewa ni njia ya mipira.

Rejeta mbadala, iwe ya aluminiamu tupu au yenye vichwa vya plastiki, hailingani na ya kiwandani kwa kila kipimo. Mdomo wa juu unaweza kuwa umesogea vidole viwili kushoto, wa chini ukawa na unene mwingine, na rejeta yenyewe ikawa nene kiasi cha kuikaribia feni. Mpira wa zamani ulifinyangwa kiwandani kwa ajili ya nafasi ya zamani. Ukiulazimisha utafika, ila utafika umejikunja, au umevutika, au umepanda mgongo juu kuliko mdomo wa kujazia maji. Huo mgongo ndio mbaya kuliko yote, kwa sababu mpira haupitishi maji peke yake. Unaamua pia hewa iliyomo ndani itakwenda kujificha wapi.

Hewa, presha na mwinuko wa Dodoma

Mji wa Dodoma uko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari. Pwani, maji yaliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100. Hapa kwetu yanachemka kwenye 96 hivi. Sasa linganisha na feni: swichi nyingi za feni za umeme huiwasha joto la maji likiwa kati ya nyuzi 90 na 100. Kwa hiyo gari ambalo mfumo wake haushiki presha linaweza kuanza kuchemsha huku feni ndiyo kwanza inaamka.

Kinachotuokoa ni mfuniko wa rejeta. Ule ulioandikwa 1.1, yaani kilo 1.1 kwa kila sentimita ya mraba, unapandisha kiwango cha kuchemka cha maji matupu hadi karibu nyuzi 120 kwa hapa Dodoma. Wa 0.9 unakufikisha 116 hivi. Kulanti, yaani dawa ya rejeta, nayo inaongeza kidogo. Lakini hesabu hiyo yote inasimama pale tu ambapo kila kiungo cha mpira kinabana na hakuna hewa iliyonaswa. Hewa ikikwama kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, chuma cha pale kinaguswa na mvuke badala ya maji. Sensa ya joto ikiwa imezungukwa na mvuke inaweza kusoma uongo, gaji ikatulia katikati wakati hedi inapinda. Dereva anakuapia kwamba mshale haukupanda kabisa, na anasema kweli.

Kwa hiyo kanuni inayoongoza kazi yote ni hii: mahali pa juu kabisa kwenye mfumo pawe ndipo penye mfuniko, au pawe na skrubu ya kutolea hewa. Kutoka kwenye injini kwenda hapo, njia ipande au iende sawa. Isipande, ikashuka, halafu ikapanda tena.

Kwanza soma maji yanavyozunguka

Kabla ya kushika bisibisi, fuata njia kwa kidole. Pampu ya maji inavuta maji yaliyopoa kutoka chini ya rejeta kupitia mpira wa chini, inayasukuma kwenye bloku, yanapanda kwenye hedi, yanatoka kupitia mpira wa juu na kurudi juu ya rejeta. Pembeni kuna mzunguko mdogo wa hita na njia ya mkato inayotumika injini ikiwa bado baridi.

Thamostati, ile vali inayofunguka kwa joto, inaweza kuwa upande wowote. Kwenye injini nyingi za petroli za Toyota, kama 1NZ ya IST, iko upande wa kuingilia, yaani mwisho wa mpira wa chini. Kwenye injini nyingine nyingi iko upande wa kutokea, mpira wa juu. Jua yako iko wapi, kwa sababu itakuambia mpira upi utachelewa kupata joto wakati wa kujaribu.

Na hapa niseme jambo ambalo litawaudhi baadhi ya mafundi wenzangu. Ile tabia ya kutoa thamostati na kuitupa "kwa sababu Dodoma ni joto" haina msingi. Thamostati nyingi za Toyota zina kisahani cha chini kinachofunga njia ya mkato pindi zinapofunguka. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji yanazunguka ndani ya injini bila kuiona rejeta. Unaondoa thamostati ili gari lisichemshe, na kumbe ndiyo unalichemsha. Weka mpya yenye nyuzi zilezile zilizogongwa kwenye ile ya zamani. Nyingi za Toyota ni 82.

Pima midomo, usikadirie kwa jicho

Chukua vernia, kile kipimo cha taya cha kupimia kipenyo na kina. Pima kipenyo cha nje cha kila mdomo: wa juu na wa chini kwenye rejeta, na ile miwili ya injini. Magari madogo mengi huangukia kati ya milimita 28 na 38. Andika vipimo vyote kwenye karatasi. Tofauti ya milimita moja mpira unaivumilia. Tofauti ya milimita tatu au nne haitibiwi kwa kukaza klampu: mpira unafanya mikunjo midogo chini ya klampu, na kila mkunjo ni mfereji wa kuvujia. Hapo tafuta mpira wa silikoni wenye pande mbili tofauti, au kipande cha paipu ya aluminiamu kilichochongwa kwa vipimo vyote viwili.

Upande wa mpira wa chini usikubali kupunguza kipenyo. Pampu inavuta kutoka pale, na ukiibana koo itakosa maji injini inapozunguka kwa kasi.

Pitisha kidole kwenye kila mdomo wa rejeta mpya. Lazima usikie ukingo ulioinuka mwishoni. Huo ndio unaozuia mpira kuchomoka presha ikipanda. Baadhi ya rejeta za bei nafuu zina midomo laini isiyo na ukingo wowote. Usiifunge hivyo. Mpelekee fundi wa kuchomelea aluminiamu aweke mstari mwembamba wa kuchomelea kuuzunguka mdomo, kisha ulainishwe kwa msasa usikate mpira.

Halafu mdomo wa mfuniko. Ndani yake kuna ngazi ambayo raba ya mfuniko inakalia. Kina cha ngazi hiyo hutofautiana, na mfuniko mfupi kwenye mdomo mrefu hautagusa chini: utafunga kwa mkono, utaonekana mzima, na hautashika presha hata kidogo. Pima kina kwa mkia wa vernia, kisha linganisha na mfuniko. Hii peke yake imewafanya watu wafungue injini bure.

Tengeneza sampuli kwa waya

Hapa tumia muda wako mwingi. Tafuta waya mzito unaokunjika kwa mkono na kubaki ulivyoukunja. Fimbo ya kuchomelea iliyogongwa ikatoka unga inafaa sana. Anzia katikati ya mdomo wa injini, uende hadi katikati ya mdomo wa rejeta, ukipita njia ambayo ungependa mpira upite. Kunja taratibu, kwa pinde za mviringo. Kisha angalia waya huo ukiwa umesimama pembeni ya gari, halafu ukiwa juu, halafu ukiwa umelala chini.

Waya wako upite walau sentimita mbili na nusu kutoka kwenye feni, belti na puli, na walau sentimita tano kutoka kwenye eksozi. Ikishindikana kuikwepa eksozi, funga kipande cha bati katikati kama kinga. Usiegemeze mpira kwenye kona yoyote ya chuma, hata kama leo unaona haisuguani. Barabara za vumbi za Chemba na Mpwapwa zitausugua tu.

Kumbuka pia kwamba injini inacheza. Rejeta imefungwa kwenye bodi, injini imekaa kwenye mauntingi za raba, na kati yao kuna mpira wako. Gari lenye injini iliyolala kwa upana, kama IST au Rav4, injini huyumba mbele na nyuma kila unapokanyaga mafuta. Dizeli iliyokaa kwa urefu, kama 1HZ ya Land Cruiser, huyumba kulia na kushoto, hasa wakati wa kuwasha na kuzima. Acha ulegevu wa sentimita mbili au tatu kwenye njia. Mpira ulionyooka kama kamba ya kuanikia nguo utaivuta midomo ya rejeta hadi ipasuke penye kiungo, na vichwa vya plastiki ndivyo huanza.

Waya ukikuridhisha, uchukue uende nao dukani. Maduka ya spea huwa na mipira ya magari mbalimbali imening'inizwa ukutani. Usiulize mpira wa gari lako, maana wa gari lako haufai tena. Weka waya juu ya kila mpira wenye kipenyo chako hadi upate wenye pinde zinazofanana, hata kama ni wa gari jingine kabisa na ni mrefu kuliko unavyohitaji. Utakata. Mpira uliofinyangwa kwa pinde zake siku zote ni bora kuliko mpira ulionyooka uliolazimishwa kupinda. Ule wa makunyanzi makunyanzi unaojipinda kila upande ni wa dharura tu. Usiuache ukawa wa kudumu.

Usikubali kupewa mpira wa mafuta au wa kompresa eti kipenyo ni kilekile. Mpira wa maji ya moto una matabaka yake na nyuzi zake ndani.

Mpira wa juu

Kama mdomo wa rejeta uko juu kuliko mdomo wa injini, una bahati: mpira unapanda kuelekea kwenye mfuniko na hewa inatoka yenyewe. Hakikisha tu hakuna mgongo katikati.

Kama injini iko juu kuliko rejeta, jambo la kawaida kwenye magari yenye pua fupi, basi mfuniko ulioko kwenye rejeta si mahali pa juu tena. Hewa itajikusanya kwenye mdomo wa injini na hakuna wa kuitoa. Dawa yake ni kipande cha paipu chenye mdomo wa kujazia, kinachokatwa katikati ya mpira wa juu pale panapoinuka zaidi. Mfuniko wenye springi unahamia hapo, na wa kwenye rejeta unakuwa wa kuziba tu. Ukiacha mifuniko miwili yenye springi, ule dhaifu ndio utakaotawala presha yako. Mpira mwembamba wa tanki la akiba nao uhamie kwenye mdomo mpya.

Mpira wa chini

Huu hauonekani sana, na ndio unaoua injini kimyakimya. Uko upande wa kuvutwa. Pampu ikizunguka kwa kasi, mpira laini unanywea ndani, maji yanakatika, joto linapanda. Ukipunguza mwendo unajirudi, na ukisimama kuukagua unaukuta mzima. Ndiyo maana mipira mingi ya chini ya zamani ilikuwa na springi ya chuma ndani. Kama wa zamani ulikuwa nayo na mpya hauna, ihamishe springi hiyo ikiwa haijashika kutu, au nunua mpira mnene zaidi.

Pitisha mpira huu juu ya usawa wa krosi memba, chuma kinachokatiza chini ya injini, usining'inie chini yake. Ukining'inia, jiwe la kwanza la barabarani litauchana. Ukiwa mrefu zaidi ya sentimita 30 bila kushikwa, ufunge kwenye bodi au injini kwa kishikizo chenye raba, na usitumie waya mtupu, kwani unakata.

Mipira midogo

Mpira wa tanki la akiba uanzie kwenye kichuchu kilicho chini ya mfuniko na kuishia chini kabisa ndani ya tanki, ncha yake ikiwa majini muda wote. Injini ikipoa, rejeta hunyonya maji kupitia mpira huo. Ncha ikiwa hewani, au kiungo kikiwa kimelegea, rejeta itanyonya hewa kila jioni na utakuwa unaongeza maji kila asubuhi bila kuona tone chini ya gari.

Mipira ya hita: hapa kwetu wengi hawaitumii hita, na fundi hushawishika kuiziba kwa boliti. Usiizibe. Kwenye injini nyingi mzunguko wa hita ndio unaosaidia maji kutembea thamostati ikiwa imefunga. Kama hita imetoboka na hutaki kuitengeneza leo, unganisha mdomo wa kutokea na wa kuingilia kwa mpira mmoja uliopinda vizuri, maji yaendelee kuzunguka.

Gari la otomatiki lina jambo la ziada. Chini ya rejeta kuna vichuchu viwili vya oili ya gia boksi. Ukinunua rejeta ya gari la manyo, yaani la gia za mkono, vichuchu hivyo havipo, na nimeona watu wakiunganisha mabomba mawili ya gia boksi kwa mpira mmoja na kuondoka. Gia boksi itakosa kupozwa na itaungua. Weka kipozea oili cha pembeni mbele ya kondensa ya AC, kwa mipira iliyotengenezwa kwa ajili ya oili, kwani mpira wa maji huvimba na kuoza ukiguswa na oili. Na siku ukikuta maji ya rejeta yamegeuka rangi ya chai ya maziwa yenye utelezi, simamisha gari hapohapo: maji na oili vimekutana.

Kukata, kuvalisha, kukaza

Kata kwa bleidi mpya, mkato ulionyooka. Msumeno wa chuma huacha nyuzi na unga unaoingia kwenye rejeta. Kata mrefu kwanza. Kupunguza ni rahisi. Safisha midomo ya injini kwa msasa laini hadi ganda jeupe lote litoke, kwa sababu ganda hilo ndilo chanzo cha uvujaji mwingi unaosingiziwa klampu.

Lainisha kwa maji au kulanti. Usipake grisi wala oili: vinaula mpira, tena vinaufanya uteleze na kuchomoka. Tia klampu kwenye mpira kabla ya kuuvalisha, usukume hadi uingie sentimita tatu hivi na upite ule ukingo, kisha weka klampu nyuma ya ukingo, milimita nne au tano kabla ya mwisho wa mpira. Klampu iliyokaa juu ya ukingo wenyewe haibani, inaelea tu. Kichwa cha skrubu kielekee upande ambao bisibisi au spana namba 8 itafika bila kufungua feni.

Kaza hadi mpira uanze kufura kidogo pembeni ya klampu, halafu acha. Ukiona mpira unachomoza kwenye matundu ya klampu, umezidisha na umeukata. Mpira wa silikoni ni laini zaidi. Utafutie klampu yenye ukanda usio na matundu. Ile klampu ya springi ya kiwandani usiidharau: inabana na kulegea yenyewe kadiri joto linavyobadilika, na kama bado ina nguvu, irudishe.

Ni hapa utasikia: "Fundi, kaza tu hivyohivyo, abiria wananisubiri Nanenane." Mjibu kwa upole, "Kaka, nipe nusu saa nyingine, usije ukawashusha njiani," kisha endelea na kazi yako.

Maji gani

Maji ya bomba ya Dodoma kwa sehemu kubwa yanatoka kwenye visima vya bonde la Makutupora, na visima vya mitaani vingi vina chumvi. Tazama ndani ya birika lako uone yanachoacha. Ganda hilohilo linakaa ndani ya mirija myembamba ya rejeta, na chumvi inakula aluminiamu. Tumia kulanti iliyokwisha changanywa, au kulanti nzito na maji yaliyochujwa kwa mvuke, nusu kwa nusu. Hatuna barafu ya kutugandishia injini, lakini tunahitaji ile dawa ya kuzuia kutu. Ukinunua "maji ya betri" hakikisha ni maji safi, si asidi. Na usichanganye kulanti mbili kwa kuangalia rangi tu. Rangi haisemi ndani kuna nini.

Kulanti ya zamani usiimwage uani. Ni sumu, na ladha yake ni tamu. Mbuzi, mbwa, hata mtoto anaweza kuinywa. Kinga kwenye beseni, uifunge kwenye dumu.

Kujaza na kutoa hewa

Simamisha gari kwenye mteremko, pua ikiwa juu, au liinue mbele kwa jeki na ulikalishe kwenye stendi. Weka hita kwenye joto la mwisho ili njia yake ifunguke. Mimina polepole sana, kama mkojo wa mtoto, huku mwenzako akiminya mpira wa juu na wa chini kwa zamu. Utaona mapovu yanapanda mdomoni. Endelea hadi yaishe.

Washa injini mfuniko ukiwa wazi, iache kwenye sailensa, yaani izunguke taratibu bila kukanyaga mafuta. Maji yatashuka ghafla, ongeza. Subiri thamostati ifunguke: mpira uliokuwa baridi unapata joto ghafla, na maji kwenye mdomo yanaanza kutembea. Ongeza tena, funga mfuniko, jaza tanki la akiba hadi alama. Acha feni iwake na kuzima mara mbili. Hita isiyotoa joto wakati injini ni ya moto ni dalili kwamba hewa bado imo.

Noah za zamani zenye injini chini ya viti ndizo mtihani, maana mabomba yanasafiri chini ya sakafu kwenda mbele na kurudi. Kwa hizo, jaza kupitia mdomo wa juu kabisa, fungua skrubu ya hewa kama ipo, na usiwe na haraka. Zinaweza kukuomba kurudia zoezi lote injini ikishapoa.

Mfumo ukiwa moto, usifungue mfuniko. Maji ya nyuzi 110 yakipata upenyo yanageuka mvuke palepale na kukurukia usoni.

Kujaribu

Injini ikiwa imezimwa, pakaa chaki nyeupe kwenye mipira yote mahali inapokaribia feni, belti, betri au bodi. Washa, mwenzako akanyage breki kwa nguvu na kubadili gia D na R mara kadhaa, wewe ukiwa umesimama pembeni, kamwe si mbele wala nyuma ya gari. Zima, angalia chaki. Palipofutika pamesuguliwa, na hapo mpira utatoboka. Sogeza.

Halafu gia ikiwa huru, pandisha mzunguko wa injini hadi 3,000 hivi kwa dakika ikiwa moto, ukiangalia mpira wa chini kwa tochi. Ukinywea, ubadilishe. Mpira wa juu ukiukuta umenywea asubuhi injini ikiwa baridi, tatizo ni jingine: vali ndogo ya mfuniko imekwama au mpira wa tanki la akiba umeziba.

Ukipata pampu ya kupimia presha, ipandishe hadi kiwango cha mfuniko wako, usizidishe, na iache dakika 15. Sindano ikishuka, tafuta.

Safari ya kwanza iwe fupi, mathalani mjini hadi Nala na kurudi, kisha acha ipoe usiku kucha. Asubuhi kagua kiwango cha maji na ukaze klampu mara moja tena, kwani mpira mpya hukaa sawa baada ya kupata joto la kwanza. Usiende kuijaribu kazi mbichi kwenye milima ya Nyang'oro ukiwa na mzigo wa kwenda Iringa.

Ukiwa njiani

Beba dumu la maji safi la lita tano, klampu mbili za akiba, bisibisi, bleidi, na kipande kifupi cha paipu ya chuma chenye kipenyo cha nje kinacholingana na kipenyo cha ndani cha mpira wako. Mpira ukipasuka katikati, subiri injini ipoe, kata palipopasuka, ingiza paipu, bana pande zote mbili. Ukipasuka karibu na mdomo, kata kipande kibovu na uuvalishe upya; ule ulegevu wa sentimita mbili ulioacha ndio utakaokuokoa. Kama kiungo bado kinavuja, unaweza kuuacha mfuniko kwenye kituo chake cha kwanza, yaani bila kuuzungusha hadi mwisho, ili presha isipande, lakini kumbuka umerudi kwenye nyuzi 96: zima AC, nenda taratibu, usimame kila mshale unapoanza kunyanyuka, na maji ya kuongeza yatiwe injini ikiwa imepoa.